Nimelitoboa Dumu

Shemeji Likwata, usinune. Ni kweli, nimelitoboa.
Msumari wa inchi nne niliulaza kwenye makaa
hadi ukawa mwekundu kama jicho la mlevi,
nikalichoma dumu la njano mara tatu:
ubavuni, kitakoni, na hapa chini ya mkono.
Lilipiga mluzi kidogo, likatoa moshi mweusi.
Niligeuza uso nisiuvute.

Dumu zima, unasema. Lita ishirini.
Bei yake pale sokoni Newala naijua.
Naijua na njia ya bondeni siku bomba likikauka:
kushuka unaimba,
kupanda unahesabu mawe.
Mwanamke wa huku juu hatupi chombo.
Hata kopo la rangi tunalipa kazi ya pili.

Lakini hili ulilitoa shambani, mwezi wa saba,
siku mliyopulizia mikorosho
mmejifunga vitenge puani.
Kibandiko chenye fuvu mkakibandua kwa kucha
ili liletwe kwangu lina sura ya maji.

Nililisuza. Mungu shahidi.
Kwanza kwa mchanga na majivu.
Kisha sabuni ya kipande na ndimu sita.
Kisha nikaliacha juani mdomo wazi
siku nne, kuku wakilikwepa.
Nikainama, nikanusa:
shamba zima la baba yenu lilikuwa mle ndani.

Halikuitwa dumu bure.
Na sisi tuliombewa hivyohivyo siku ya ndoa,
mdumu, mdumu,
na kaka yako na mimi tukadumu miaka saba.
Harufu ile imetushinda.

Usiniulize majina ya hizo kemikali.
Ni marefu, na mimi niliishia darasa la sita.
Wala sisemi nani angeumwa, wala lini.
Ninachojua ni pua yangu,
na lile bakuli la waridi la mwanangu Shakila.

Unalikumbuka? Lilikuwa linang'aa
ungeweza kujipakia wanja ndani yake.
Miaka mitatu ya uji wa moto kila asubuhi,
miaka mitatu ya steelwaya,
likafifia, likaota ukurutu mweupe kama ulimi wa mgonjwa.
Usiku mmoja nikiliosha nikajiuliza:
ule mng'aro umekwenda wapi?
Haukumwagika. Haukuanikwa kambani.
Tumeunywa.

Mama alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hakusema kuwa siku moja kitakuwa kikombeni,
kimepigwa picha ya kipepeo.

Basi nimeacha na kufunika wali kwa nailoni.
Wifi Somoe alinicheka mbele ya wageni:
wali bila nailoni hauivi juu, umerudi porini?
Nikamjibu, mie wali wangu naufunika kwa jani la mgomba,
na ukibaki na kiini, tutautafuna.
Chai ya moto kwenye mfuko, nikiagiza mtoto,
nampa birika. Anaona haya. Anakwenda.

Sijawa mtakatifu, shemeji.
Ndoo ya bluu bado nachotea,
maana mtungi wa mama ni mzito
na uliwahi kunivunja kidole cha mguu.
Lakini maji ya kunywa yamelala mle mtungini,
mdomo wake umepasuka kidogo,
yana ladha ya udongo wa mvua ya kwanza
na hayana ladha ya mtu mwingine.

Kwa hiyo dumu lako liko shimoni nyuma ya choo.
Sikulitupa zima, maana nawajua majirani,
najijua na mimi:
lingeokotwa kabla ya adhuhuri,
na Ijumaa lingekuwa na togwa.

Jana Bi Nandonde alipita pale.
Nilimwona kupitia ufa wa dirisha.
Akaliinua, akaligeuza,
jua likamtoboa usoni mara tatu.
Akalirudisha taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Hakuniuliza neno.
Ila magharibi alibisha hodi,
kanga imefunga kitu kikubwa kwapani,
akasema amekuja kuazima
ule msumari.